Kabla ya kumshuku mkeo, ikague shilingi yako

MPENZI msomaji, kuna ugomvi ambao haupigi kelele, hauletwi na pombe wala na mashemeji, lakini umeingia katika nyumba nyingi za mjini. Ni ugomvi wa pesa za matumizi.

Mwishoni mwa Julai 2022, Ijumaa usiku, jirani yangu mmoja alibisha mlangoni pangu. Ni karani katika kampuni moja ya Industrial Area, mtu mpole, baba wa watoto wanne. Usiku huo upole haukuwapo.

"Mzee, nimekuja kwako kabla sijafanya jambo nitakalolijutia," aliniambia hata kabla ya kuketi.

Alinieleza kwamba tangu Januari 2021, kila Jumamosi humpa mkewe Sh3,000 za jikoni. Mwanzoni pesa hizo zilikuwa zikifika Ijumaa na mara nyingine zikibakisha nauli ya kwenda kanisani. Sasa Jumatano ikifika, mama watoto anasimama mlangoni na kusema zimekwisha.

"Watoto ni wale wale. Sufuria ni ile ile. Pesa ni zile zile. Sasa zinakwenda wapi?" aliuliza. Kisha akapunguza sauti. "Nilidhani anazituma kwao. Nikauliza, nikaambiwa hapana. Kama haziendi kwao, basi zinakwenda kwa mtu."

Nilishtuka. Nilipomwita mama watoto, nilishtuka zaidi, kwani alikuja amembeba kitindamimba mgongoni na mkoba wa nguo mkononi. Alikuwa tayari ameamua kurudi kwa wazazi wake.

"Shemeji, mimi sina la kujitetea," alisema. "Nina ombi moja tu. Kesho Jumamosi nisiende sokoni mimi. Aende yeye, abebe kikapu mwenyewe. Akirudi na chakula cha wiki nzima, nitaondoka bila neno."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu, nami nikawa shahidi.

WANAUME WAWILI NA KIKAPU KIMOJA

Asubuhi yake tuliondoka na zile Sh3,000. Tulianzia dukani. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa karibu Sh120, ilikuwa imepita Sh200. Wakati huo serikali ilikuwa imetangaza kwamba unga ungeuzwa Sh100 kwa muda wa wiki nne, lakini katika maduka tuliyoingia siku hiyo jibu lilikuwa moja: haujaletwa.

Nyumba ya watu sita hula pakiti nne kwa wiki, na hapo wali haujatajwa. Tulipomaliza unga, sukari na mafuta ya kupikia, nusu ya pesa ilikuwa imekwenda, nasi hatujaona nyanya, maziwa, sabuni wala makaa.

Kwa mama mboga jirani yangu alitoa Sh20 akapewa nyanya mbili. Alizitazama, akamtazama mama wa watu, akauliza, "Mama, nyingine?"

"Nyingine ziko Marikiti, mwanangu," mama alijibu. "Mimi nanunua kreti kwa bei mpya, nalipa mkokoteni kwa bei mpya. Wewe unataka nikuuzie kwa bei ya zamani?"

Saa nne tulikuwa tumemaliza pesa. Kikapu kilikuwa na chakula cha siku nne, tano kwa kubana. Njiani jirani yangu hakusema neno, ila mara moja tu alisimama akabadilisha mkono wa kubebea. Kikapu kilikuwa chepesi. Kilichokuwa kizito ni maneno aliyomwambia mkewe wiki nzima.

Mpenzi msomaji, mwizi wa nyumba ile alikuwa na jina. Anaitwa mfumko wa bei.

MFUMKO NI KITU GANI?

Bidhaa moja ikipanda, huo si mfumko. Nyanya zikiadimika kwa sababu ya mvua nyingi kisha zikashuka mavuno mapya yakiingia, hiyo ni hali ya soko. Mfumko ni pale bei za vitu vingi zinapopanda pamoja, na kuendelea kupanda, hata shilingi ile ile ikawa inanunua kidogo kuliko jana.

Kwa hivyo kuna njia mbili za kulitazama jambo hili. Unaweza kusema unga umepanda. Unaweza pia kusema shilingi imenyauka. Jirani yangu alihesabu noti zake akaona ni zile zile, akasahau kwamba noti haikupimi shibe.

Hapa Kenya kipimo hicho hutolewa kila mwisho wa mwezi na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Maafisa wake huwa na kikapu chao cha kuwazia: chakula, kodi ya nyumba, nauli, mavazi, mafuta ya taa, karo na mengineyo. Huuliza bei katika masoko na maduka ya sehemu mbalimbali, kisha hulinganisha na mwezi kama huo mwaka uliotangulia.

Julai 2022 walisema mfumko ni asilimia 8.3. Kwa hesabu hiyo, Sh3,000 za mwaka mmoja kabla zilihitaji kuwa Sh3,249 ili kununua vitu vile vile.

Lakini wananchi wengi waliposikia asilimia nane walicheka kwa uchungu. Mbona unga umekaribia kupanda maradufu?

Jibu ni kwamba kikapu cha KNBS si kikapu chako. Katika kikapu chao chakula huchukua karibu theluthi moja. Nyumba ya mlalahoi hutumia zaidi ya nusu ya mapato kwa chakula. Chakula kinapopanda kuliko vitu vingine, mfumko wa maskini huwa mkubwa kuliko ule unaotangazwa redioni.

Wanafunzi wachukue kalamu. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 15 na vitu vingine kwa asilimia 4. Familia inayotumia Sh60 katika kila Sh100 kwa chakula itaongeza Sh9 kwa chakula na Sh1.60 kwa mengineyo, jumla Sh10.60. Familia yenye uwezo, inayotumia Sh20 tu kwa chakula, itaongeza Sh3 kwa chakula na Sh3.20 kwa mengineyo, jumla Sh6.20. Nchi ni moja, mwaka ni mmoja, lakini maskini ameumia zaidi kwa mbali.

KWA NINI BEI ZILIPANDA?

Tukiwa tumekaa barazani jioni hiyo, jirani yangu aliniuliza swali ambalo wengi huuliza: ni nani hasa aliyepandisha bei? Alitaka jina la mtu. Nilimwambia mlango wa bei una funguo nyingi.

Ufunguo wa kwanza ni mvua. Kufikia katikati ya 2022, sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya nchi ilikuwa imekosa mvua misimu minne mfululizo, na msimu wa tano nao ukaja ukapita mkavu. Mahindi yalipungua na mifugo ikafa. Kitu kikipungua na walaji wakawa wale wale, bei hupanda. Hilo halihitaji profesa.

Ufunguo wa pili ni vita vya mbali. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi hizo mbili ni wauzaji wakubwa wa ngano, nasi Wakenya tunanunua ngano yetu nyingi kutoka nje. Urusi pia ni muuzaji mkubwa wa mbolea. Mkulima wetu wa Trans Nzoia, ambaye hajui Ukraine iko upande gani, alijikuta akiulizwa zaidi ya Sh6,000 kwa gunia moja la mbolea ya kupandia la kilo 50. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi, na safari hii nyasi zilikuwa shambani mwetu.

Mwaka huo huo, mwishoni mwa Aprili, Indonesia ilizuia mafuta ya mawese yasiuzwe nje kwa muda wa wiki kadhaa. Mafuta mengi tunayokaangia hapa hutengenezwa kutokana na mawese ya Indonesia na Malaysia. Ndipo chupa ya mafuta ikaanza kuwekwa juu kabatini, mbali na watoto.

Ufunguo wa tatu ni petroli na dizeli. Jijini Nairobi lita ya petroli ilikuwa Sh127 Julai 2021. Julai 2022 ilikuwa Sh159, na Septemba mwaka huo, ruzuku ilipopunguzwa, ikafika Sh179. Wewe huna gari, lakini kabeji yako hupanda lori. Kiazi cha Kinangop, nyanya ya Mwea na mahindi ya Kitale vyote hulipa nauli kabla ya kukufikia, na nauli hiyo unailipa wewe wa mwisho.

Ufunguo wa nne ni thamani ya shilingi yetu mbele ya dola. Mafuta, ngano, mawese na mbolea hununuliwa kwa dola. Dola ikipanda, vitu hivyo hupanda hata kama huko vinakotoka havijapanda hata senti. Januari 2024 dola moja ilifika karibu Sh160. Baadaye mwaka huo shilingi ilipata nguvu, dola ikarudi karibu Sh129.

Ufunguo wa tano ni ushuru na kodi. Julai 2023 kodi ya VAT kwa mafuta ya petroli iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kodi ya aina hiyo haibaki kituo cha mafuta. Hupanda matatu, ikashukia sokoni.

Na ufunguo wa sita, tusifichane, ni tamaa. Wapo wanaoficha bidhaa ghalani wakingoja bei ipande. Lakini tamaa haikuanza 2022. Mwenye tamaa hupata nafasi pale bidhaa zinapoadimika. Ukiziba funguo nyingine, wa tamaa hukosa mlango wa kufungua.

PESA ZIKIZIDI VITU

Kuna ufunguo mmoja ambao nimeuacha mwisho kwa makusudi, kwani vijana wengi hawakuuona ulivyofanya kazi. Ni pale pesa zinapozidi vitu.

Chukua mfano wa kijiji chenye mikate 100 na watu wenye Sh1,000 kwa jumla. Mkate utauzwa Sh10. Usiku mmoja mtu akamwaga Sh1,000 nyingine kijijini, na mikate ikabaki 100. Kesho yake mkate utakuwa Sh20. Hakuna aliyetajirika. Kila mtu ana pesa maradufu na shibe ile ile.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka mwaka wa 1993. Nchi ilikuwa imetoka katika uchaguzi wa Desemba 1992, na pesa nyingi zilikuwa zimemwagwa. Wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada tangu Novemba 1991. Ndicho kipindi pia cha kashfa ya Goldenberg, ambapo mabilioni ya shilingi za umma yalilipwa kwa mauzo ya dhahabu ambayo hayakuwapo. Shilingi ilianguka vibaya, na wakati huo huo udhibiti wa bei za bidhaa nyingi ukaondolewa.

Mwaka huo mfumko ulifika wastani wa karibu asilimia 46. Kwa mwendo huo bei huongezeka maradufu kabla ya miaka miwili kwisha. Mwaka uliofuata, 1994, tulianza kutumia noti ya Sh1,000. Wengine waliifurahia noti kubwa. Wenye busara walijiuliza kwa nini inahitajika.

Ni kazi ya Benki Kuu ya Kenya kuzuia hali kama hiyo. Hutumia riba. Mwaka wa 2011, dola ilipofika Sh107 mwezi wa Oktoba na mfumko ukakaribia asilimia 20 Novemba, Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 18 Desemba. Mikopo ikawa ghali, watu wakapunguza kukopa na kununua, na mwaka uliofuata mfumko ukashuka. Lakini dawa hiyo ni chungu, kwani aliyekuwa na mkopo wa nyumba au wa biashara aliumia. Tena riba haileti mvua.

MBONA BEI HAZIRUDI?

Oktoba 2024 KNBS ilitangaza kwamba mfumko umeshuka hadi asilimia 2.7. Kijana mmoja wa kidato cha tatu mtaani kwetu alinisimamisha na gazeti mkononi. "Mzee, wanasema umeshuka. Mbona mama bado analalamika?"

Swali zuri. Hapa ndipo wengi hukosea. Mfumko kushuka si bei kushuka.

Fikiria basi linalopanda mlima. Dereva akipunguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, basi halijaanza kurudi nyuma. Bado linapanda, ila polepole. Asilimia 2.7 maana yake ni kwamba kilichokuwa Sh100 mwaka jana sasa ni Sh102.70. Kile kilima cha 2022 na 2023 tulichokipanda hakikuondoka. Tuko juu yake.

Ni kweli baadhi ya vitu hushuka. Unga ulishuka baada ya mavuno mazuri, na sukari iliyopita Sh200 kwa kilo mwaka wa 2023 nayo ilirudi chini. Lakini kodi ya nyumba hairudi, karo hairudi, na nauli hurudi kwa shida. Bei hupanda mbio kama kima, lakini kushuka hushuka kama mzee mwenye gongo.

Anayeumia zaidi ni yule ambaye mapato yake yamesimama. Tuseme unalipwa Sh30,000 na bei zinapanda asilimia 8 kila mwaka. Mshahara usipoongezwa, baada ya miaka mitatu Sh30,000 hizo zitakuwa zikinunua kile ambacho zamani kilinunuliwa kwa Sh23,800 hivi. Hakuna barua uliyoandikiwa kwamba umekatwa Sh6,200, lakini umekatwa.

Hata wahenga mfumko huu umewashinda. Walisema akiba haiozi. Akiba ya mahindi yaliyokauka vizuri, sawa. Akiba ya noti chini ya godoro huoza, tena bila kunuka.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Sina uwezo wa kuleta mvua wala kusimamisha vita. Lakini yako mambo ambayo familia inaweza kufanya.

Kwanza, andikeni. Daftari la mazoezi la mtoto linatosha. Kila Jumamosi andika ulichonunua, kipimo na bei. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na KNBS yenu wenyewe, na ugomvi utakuwa na ushahidi.

Pili, linganisheni uzito wala si pakiti. Siku za bei kali pakiti hupungua kimya kimya huku bei ikibaki ile ile. Na gorogoro iliyobonyezwa kitako haijai sawa na nyingine. Jihadharini na vile vipakiti vya kadogo. Tuseme mafuta ya kupimiwa ni Sh20 kwa mililita 50. Lita moja itakuwa imekugharimu Sh400, na huenda chupa ya lita dukani ni Sh350. Maskini hununua kidogo kidogo kwa sababu hana, na kwa kununua kidogo kidogo hulipa zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba hukimaliza pia.

Tatu, kwa sababu hiyo, unganeni. Akina mama watano wa ploti moja wakichanga, wanaweza kuagiza gunia la viazi au la maharagwe na kugawana. Chama si cha kununua vyombo tu.

Nne, fuateni msimu. Kila zao lina mwezi wake wa kujaa sokoni. Mwezi huo nunua, kausha, hifadhi.

Tano, akiba msiiache chini ya godoro. Iwekeni mahali inapozaa, iwe ni chama cha ushirika au benki, na kila mara ulizeni swali moja: riba ninayopata inashinda mfumko? Kama bei zinapanda asilimia 8 nawe unapata 4, unarudi nyuma ukidhani unakwenda mbele.

Sita, na hili nawaambia akina baba wenzangu, pesa za matumizi si mahari iliyokubaliwa mara moja ikaisha. Zinafaa kujadiliwa upya, angalau mara mbili kwa mwaka, mezani, si mlangoni.

MKOBA UKARUDI KABATINI

Mtauliza mambo ya jirani yangu yaliishia wapi.

Siku ile tuliporudi aliweka kikapu mezani. Mkewe alikitazama bila kukigusa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Sabuni iko wapi?"

"Pesa ziliisha," alijibu.

Mke hakucheka wala hakumsuta. Alimtazama tu. Nadhani hilo neno, kutoka kinywa kile, lilikuwa limemtosha. Kisha mwanamume akasema jambo ambalo wengi wetu hutushinda: "Mama watoto, nisamehe. Nilikuhesabu wewe badala ya kuzihesabu bei."

Mkoba wa nguo ulirudi kabatini. Lakini msidhani shida iliisha. Mshahara wake haukuwa umeongezwa, na msamaha haununui unga. Waliketi usiku huo na daftari. Gazeti la kila siku likaondolewa, likabaki la Jumapili. Soda ya Jumapili ikaondolewa. Baba akaanza kushuka matatu vituo viwili kabla na kutembea. Pesa za jikoni zikapanda hadi Sh3,800. Hazikutosha, lakini sasa wote wawili walijua hazitoshi, na kwa nini.

Bado ni majirani zangu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwaona wakienda sokoni pamoja, na kikapu hubebwa na mwanamume.

Wewe uliye na maneno mdomoni kuhusu pesa za wiki iliyopita, subiri kwanza. Chukua kikapu, uende mwenyewe.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.